Barua Pepe Tuliyoificha Kando ya Saa

Kutoka Manda hadi Njombe nilisafiri nikiwa nimelala juu ya usipa. Lori lilikuwa limepakia magunia ya samaki hao wadogo wakavu kutoka ziwani, na dereva alituruhusu abiria wachache tukae juu ya turubai kwa sharti moja: tukisikia breki, tushikane. Ilikuwa masika. Milima ya Ludewa ilikuwa imelowa, na kila mteremko ulikuwa na lori lake lililokwama, watu wake wakipika ugali kando ya magurudumu kama waliohamia pale. Nasi tulikwama, nasi tukapika. Mlangali tulikaa hadi tope lilipokauka. Nakumbuka nilivyolala chali nikitazama ukungu ukipita juu ya miti ya miwati, polepole, hadi nikaona kama mimi ndiye ninayepita na ukungu ndio uliosimama. Hali hiyo imenipata mara nyingi maishani, na kila iliponipata nilijua nimekaribia kuhama.

Njombe nilishuka na shati la mikono mifupi. Kwetu ziwani hatukuwa na haja ya nguo nyingine. Shangazi yangu, aliyeolewa Mjimwema, alinipokea nje ya mlango, akaziba pua kwa ncha ya kitenge, akaniwekea ndoo ya maji ya moto uani kabla hajaniitikia shikamoo.

"Oga kwanza, mwanangu, ndipo tusalimiane. Majirani watadhani nimefungua genge."

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo hakuna aliyeyataja mezani. Shangazi akanipeleka kwa Dada Tumaini, mpiga chapa aliyekuwa akiimba naye kwaya, nikajifunze kazi. Baada ya muda Mzee Shabani, msafirishaji wa Makambako, alifungua steshenari mbele ya duka lake la vipuri. Akamchukua Dada Tumaini aisimamie, na Dada Tumaini akanichukua mimi.

Nawaandikia ninyi vijana mnaobeba barua pepe mfukoni pamoja na funguo za nyumba, na hasa ninyi mnaokaa kwenye steshenari za miji midogo mkiwapigia watu chapa. Nimevuka arobaini. Nimefanya kazi hiyo Tunduma, Songea, Masasi na miji mingine ambayo sasa inachanganyikana kichwani. Nimeiacha. Macho yamechoka, miguu bado. Lakini nikisinzia mchana, nikausikia upepo ukicheza na bati, linalonijia ni duka la Makambako tu.

Maana Makambako ni upepo. Unatoka uwandani, unapita reli, unaingia mjini bila kubisha hodi. Kila karatasi pale dukani ilikuwa na kitu juu yake: nati, beringi, plagi kuukuu ya injini. Mteja mgeni akiondoa beringi ili asome barua yake, sote tulijua kinachofuata. Tulinyanyuka na kusimama mlangoni kudaka.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Kila nyumba ya barabarani ilikuwa imetoboa mlango wa mbele ikawa duka. Malori yalikuwa ya watu binafsi, viazi vilikwenda Dar es Salaam bila kuomba ruhusa ya mtu, na simu za mkononi zilikuwa zimefika kwa wachache, waliozivaa kiunoni na kupanda juu ya kifusi wakitafuta mtandao. Wengine wote walikuwa na sisi. Kompyuta yenye laini ya simu tulikuwa nayo moja, na anwani ya barua pepe ilikuwa moja, ya duka. Mtu akitaka kukuandikia, aliandika kwetu na kuweka jina lako juu. Kila baada ya muda programu ya barua pepe ilijipigia simu yenyewe. Modemu ililia, kwanza kama mtu anayesafisha koo, kisha kama sufuria inayochemka, halafu kimya, na barua zikashuka. Tulizichapisha, tukazikunja, tukaandika jina kwa nje, na mwenyewe akaja kuchukua akipita.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Chini kabisa ya kioo cha kompyuta kuna mkanda. Kila unachokifungua huweka kibao chake pale chenye jina. Barua ya maombi, kibao. Ankara ya mbao, kibao. Kadi ya harusi, kibao. Kompyuta zenu za leo hazishtuki, lakini ile ya kwetu ilikuwa na akili finyu. Ukiifungulia mambo mengi iliganda, kipanya kikagoma, na ukabaki unaitazama kama unavyomtazama ng'ombe aliyelala barabarani.

Na wateja wetu ndio waliojaza mkanda ule. Miaka hiyo Makambako maji yalikuwa ya foleni. Unaacha ndoo yako kwenye mstari bombani, unaenda sokoni, unarudi, unakuta wenzako wameisogeza na nafasi yako ipo. Hakuna anayeruka ndoo ya mtu. Basi watu walipoona vibao vimepangwa mstari mmoja chini ya kioo, walielewa papo hapo, na walielewa vibaya. Kila mmoja alitaka kibao chake kibaki wazi hadi arudi.

"Yangu ile ya pili kutoka kushoto," alisema muuza mbao mmoja, kidole kikigusa kioo. "Usiifunge. Naenda kunywa chai."

"Nimeshaihifadhi, kaka. Hata nikifunga, haipotei."

"Sikukuuliza kuhifadhi. Ukifunga, huyu nyuma yangu atakuwa mbele yangu."

"Mimi hata sijafika na tayari nasemwa," akasema yule wa nyuma, mwenye kofia ya sufu.

"Nakufahamu wewe. Bombani unasogeza ndoo kwa mguu."

Vibao vilizidi hadi vikawa vyembamba kama njiti, majina hayasomeki. Siku moja niliandika maneno ya mteja wa vipuri ndani ya kadi ya kipaimara, na kadi ikatoka ikiwaalika ndugu na jamaa kwa furaha kubwa kwenye seti kamili ya breki za nyuma. Mama wa mtoto aliisoma, akacheka hadi akatafuta kiti. Akaomba abaki na nakala ile ampelekee mumewe, kwani gari lao lilikuwa limesimama kwa breki hizohizo.

Upande wa pili alikuwapo Dada Tumaini. Yeye alijifunza kazi kwenye taipureta, ambako ukimaliza unavua karatasi, unafuta vumbi, unaifunika mashine. Adabu hiyo aliihamishia kwenye kompyuta. Akiinuka hata kwenda uani, alifunga kila kilichokuwa wazi, kimoja baada ya kingine, kisha akatandika juu ya kioo kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe. Alifunga na barua pepe. Hakuwa na ubaya wowote. Kwake chombo kilichoachwa wazi kilikuwa kama sufuria isiyofunikwa.

Shida ni kwamba programu ile ikifungwa haipigi simu. Barua zinabaki huko ziliko hadi mtu akumbuke kuifungua. Baadhi ya siku tuliifungua jioni tukakuta barua za asubuhi zimepoa, na Mzee Shabani akatutazama juu ya miwani yake.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa alipokuja Mama Erasto.

Alikuwa mkulima wa upande wa Ilembula, mwembamba, mrefu, nguo nyeusi juu hadi chini, kitambaa cheusi kichwani. Alisimama mlangoni akasema kamwene, na Dada Tumaini akaitikia kwa Kibena, wakaendelea kitambo kirefu mimi nikiokota neno moja moja. Baadaye Dada Tumaini alinieleza, naye mama akiongeza kwa Kiswahili pale alipoona nimeachwa.

Erasto alikuwa mwanawe wa pekee. Aliondoka kwenda Zambia baada ya kugombana na baba yake, akapata kazi kwenye migodi ya shaba. Mwaka mzima hakuandika. Ndipo huko mpakani akakutana na dereva mmoja wa Mzee Shabani, ambaye aligawa kadi za duka letu kama peremende, na kutoka kwenye kadi akapata anwani. Barua yake, ambayo tulimpelekea mama kupitia watu wa gulio, ilikuwa fupi. Amepata kazi kwenye meli, atapita kwa treni kwenda Dar es Salaam, tiketi yake ni ya moja kwa moja. Akishajua siku ataandika, na kama mama ataweza, wasalimiane stesheni ya Makambako treni itakaposimama.

"Na baba yake?" niliuliza, kwa ujinga wa umri.

"Baba yake tumemzika mwezi uliopita," akasema Mama Erasto.

"Erasto anajua?"

"Hajui."

"Basi tumwandikie sasa hivi, mama. Kesho ataisoma."

Alinitazama kwa upole, kama mtu anayemtazama mgeni aliyekanyaga mkeka na viatu. "Mwanangu, habari hiyo haiandikwi. Mtu huketishwa, ukashika mkono wake, ukamwambia. Wewe mwandikie neno moja. Mwambie, niambie siku."

Nikaandika hivyo tu: Mama anasema, niambie siku.

Toka hapo alikuja kila siku ya gulio, na katikati pia, akiwa na kikapu cha mboga ili safari isionekane ya bure. Alikaa kwenye benchi, hakuuliza chochote, alisikiliza modemu. Mimi nilikuwa na jambo jingine la kusikiliza. Kila kiti kilipolia nilijua Dada Tumaini anainuka, na kila akiinuka barua pepe inafungwa. Au wateja wanaweka ndoo zao kwenye mkanda, kompyuta inaganda, tunaizima na kuiwasha, na hakuna anayekumbuka kuifungua tena. Treni ingeweza kupita siku yoyote. Ingesimama, kijana angechungulia dirishani asione mtu, ingeondoka naye, na mama yule angeketi hapo dukani akisubiri siku ambayo imeshapita.

Nilikuja kuipata dawa siku moja ya mvua, duka tupu. Kando ya saa, kwenye kona ya kulia ya mkanda, kulikuwa na alama ndogondogo ambazo hatukuwahi kuzijali. Moja ilikuwa ya ile programu ya barua pepe. Nikabonyeza juu yake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kwa kutalii tu, ikafunguka orodha fupi ya maneno ya Kiingereza. Mojawapo lilisema kitu kama: jifiche ukishushwa. Nikaliwekea alama ya vema. Kisha nikaenda juu ya dirisha la barua pepe, nikabonyeza kistari, siyo ule msalaba. Msalaba unafunga, kistari kinashusha. Sahauni yote mengine niliyosema, hilo mlishike.

Dirisha likashuka, na kibao chake kikatoweka kwenye mkanda. Sikuamini. Nikabonyeza mara mbili ile alama kando ya saa, barua pepe ikapanda ikiwa nzima. Nikaishusha, ikazama. Nikaipandisha, ikaja. Mvua inapiga bati, mimi napandisha na kushusha, kama mtu anayecheza na samaki kwenye maji ya kina kifupi. Muda ukafika, modemu ikasafisha koo, ikapiga simu yake, na hakuna kitu kilichoonekana kwenye kioo. Ilikuwa inafanya kazi huko chini ilikojificha. Hakuna ambaye angeifunga, kwa kuwa hakuna ambaye angeiona.

Kwa furaha nikafunga na ndoo zote za watu.

Kesho yake asubuhi duka lilijaa kelele. Muuza mbao alikuwa wa kwanza.

"Nani kaniondoa?"

"Wote tumeondolewa," akasema mwenye kofia ya sufu. "Ona, peupe kama uwanja wa mpira."

Dada Tumaini alikuja mbio kutoka uani, akatazama mkanda, akashika kichwa. "Mdogo wangu, barua pepe iko wapi? Mzee! Mzee Shabani! Barua pepe imeondoka!"

Mzee Shabani akatoka kwenye vipuri na mikono yenye grisi, kofia yake ya baraghashia imesogea nyuma. "Imeondoka imekwenda wapi? Ina miguu?"

"Ipo, mzee," nikasema. "Nimeificha."

"Umeificha kwa ruhusa ya nani, na duka ni langu?"

Nikakaa, nikabonyeza mara mbili kando ya saa. Ikapanda. Watu wakasema aah. Nikaishusha, wakanyamaza. Mzee Shabani akaniomba nirudie, kisha akajaribu mwenyewe kwa ncha ya kidole kisicho na grisi, akaipandisha na kuishusha hadi muuza mbao akamwambia aache, ataichosha.

"Kwa hiyo sasa ipo?" akauliza.

"Ipo."

"Na haionekani."

"Haionekani, na inafanya kazi."

Akafikiri kidogo. "Ningepata utingo wa namna hiyo, ningekuwa tajiri."

Lakini watu hawakuwa radhi. Walitaka nafasi zao. Wangenipiga maswali hadi jioni kama Dada Tumaini hangekwenda kwenye duka la soda la jirani na kurudi na vizibo kwenye upande wa kitenge chake. Akavipanga kwenye ukingo wa meza, akaandika juu ya kila kimoja jina la mtu kwa kalamu ya wino mzito.

"Ndoo zenu hizi hapa," akasema. "Mezani. Kompyuta ni ya kazi, siyo bomba. Na upepo hauwezi kuvipeperusha."

Waliinama wakavikagua. Muuza mbao akakisogeza cha kwake kidogo kwa kidole. Mwenye kofia akakohoa. Kikarudishwa. Tangu siku hiyo mkanda wetu ulikuwa mweupe, kazi moja ikifunguliwa kwa wakati mmoja, na kompyuta haikuganda kama zamani. Vijana, mashine nyingi mnazozilaani hazina kosa. Zimejazwa foleni ya watu.

Dada Tumaini aliendelea kufunga kila kitu akiinuka. Alifunga kilichoonekana, akatandika kitambaa chake, na chini ya kitambaa barua pepe ikaendelea kupiga simu.

Ilifika siku isiyo ya gulio, saa za asubuhi, upepo mkali, vumbi jekundu limesimama barabarani kama ukuta. Dada Tumaini alikuwa amekwenda benki. Niliinua kitambaa nianze kazi ya mtu, nikaona kibahasha kidogo kando ya saa, kidogo kama punje ya mchele. Nikakibonyeza.

Mama, nimepata tiketi ghafla. Tunapanda leo. Wanasema kesho mchana tutafika Makambako. Ni mimi mwanao Erasto.

Ilikuwa imeandikwa jana yake. Kesho ilikuwa leo.

Nilikwenda nyuma kwenye vipuri na karatasi mkononi. Mzee Shabani alikuwa anasimamia upakiaji wa lori la kwenda Mbeya. Nilimsomea. Nilidhani ataniambia nimtafute mtu wa baiskeli. Akaifuta mikono polepole kwa kitambaa, akaniambia nisome tena.

"Habari ya baba yangu mimi niliipata kwa simu ya maandishi," akasema. Alikuwa mtu wa Kondoa, na hakuwahi kutusimulia mambo ya kwao. "Niko posta ya Iringa, foleni nyuma yangu. Maneno manne. Karani akaniambia, sogea, wengine wanasubiri." Akamgeukia dereva. "Teremsha."

"Niteremshe mzigo wote, mzee?"

"Acha huo uliopanda. Washa. Mchukue huyu Mnyasa, mwende Ilembula mkamlete mama."

"Mbeya je?"

"Mbeya haikimbizani na treni."

Tulikwenda na nusu ya mzigo ukigongana nyuma. Kutoka barabara kuu njia ilikuwa ya vumbi kati ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha vunwa. Tulimkuta Mama Erasto anachambua maharage uani. Aliponiona nashuka kwenye lori aliweka maharage chini. Aliinuka, akakung'uta nguo yake nyeusi, akaingia ndani, akatoka amevaa viatu.

Njia nzima alikaa kati ya dereva na mimi, mikono juu ya magoti. Mara moja tu alisema, kwa sauti ya mtu anayefanya hesabu ya mbegu, "Nitamketisha wapi? Stesheni kuna pa kukaa?"

"Pana magunia, mama," dereva akasema. "Magunia ya viazi hayakosekani."

Treni ilikuwa imechelewa, jambo ambalo kila abiria alikuwa akililaani, nasi tulilishukuru kimyakimya. Ilipoingia ilichukua muda mrefu kusimama. Madirisha yakapita mbele yetu, nyuso na nyuso, watoto, ndizi, mikono. Kisha mtu mmoja akaita mama, na wakaitika akina mama wengi, na mmoja tu ndiye aliyetembea.

Erasto aliruka chini kabla ngazi haijatulia. Kijana mpana, koti jipya, anacheka. Alikuwa ameshika mikono yote miwili ya mama yake, anazungumza haraka: hawakai sana, meli inaondoka kesho kutwa, amemletea kitenge kimo ndani ya begi, baba hajambo? Wakati huohuo macho yake yakawa yanashuka kwenye ile nguo nyeusi na kupanda tena, yanashuka na kupanda.

"Keti, mwanangu," Mama Erasto akasema.

"Mama, treni itaondoka."

"Keti kwanza."

Akaketi juu ya gunia la viazi. Nadhani alipoketi alikuwa ameshajua. Mama akaketi karibu yake, akauchukua mkono wake, akauweka kwenye mapaja yake, akasema kwa Kibena. Yalikuwa maneno machache. Mimi na dereva tuligeuka tukatazama malori upande wa pili wa reli. Upepo ulipita. Wachuuzi wa mayai ya kuchemsha, ambao hawamkwepi mtu yeyote, walipofika karibu yao walipinda njia.

Filimbi ilipolia mama ndiye aliyemwinua. "Sasa nenda," akamwambia kwa Kiswahili, kana kwamba alitaka sote tusikie. "Nilitaka usikie kwangu. Umesikia. Nenda kazini." Akampandisha ngazi kwa kumsukuma mgongoni, kama mtoto anayechelewa shule. Kile kitenge kilitupwa kupitia dirishani treni ikiwa tayari inakwenda, upepo ukakichukua, na dereva akakikimbiza hadi mwisho wa jukwaa.

Mama Erasto aliendelea kuja dukani baada ya hapo. Kizibo chake kilikuwa mezani pamoja na vingine. Hakusema anasubiri nini, lakini sote tulijua: kijana aliondoka bila kulia na bila kuona kaburi, na mama hajui kama habari ile imemwingia au imempita.

Mimi mwenyewe ukungu ulikuwa umeanza kusimama. Simu za mkononi zilikuwa zinashuka bei, ofisi zilikuwa zinaingiza kompyuta zao, na dereva mmoja alinieleza kuhusu duka la Tunduma lililohitaji mtu. Nilimuaga Mzee Shabani. Akanipa tochi kutoka duka la vipuri na kuniambia kwamba watu wa ziwani hawakai, wanaelea. Nilimfundisha Dada Tumaini kona ya saa, kubonyeza mara mbili, kistari na msalaba. Alikuwa amekwisha kuyajua yote. Alinisikiliza kwa heshima tu.

Siku ya kuondoka kwangu nilipita dukani na begi begani. Mama Erasto alikuwa benchini. Nilikuwa nikishikana mikono na muuza mbao modemu ilipolia, na ilipokwisha kulia kibahasha kikatokea kando ya saa. Nilianza kwenda kwenye kiti kwa mazoea. Dada Tumaini alikuwa ameshaketi. Akabonyeza, barua ikapanda, akaisoma kwa sauti bila kungoja kuichapisha, Mama Erasto akiwa amesimama nyuma yake, mkono begani mwake.

Mama, nimekuwa nikilia tangu tulipotia nanga. Kaburi la baba msilijengee bila mimi. Mkataba ukiisha nakuja kulijenga kwa mikono yangu.

Nje kondakta alikuwa anapiga ubavu wa basi kwa kiganja na kuita Tunduma, Tunduma. Nikachukua begi langu.

"Tumjibu?" Dada Tumaini akauliza.

"Mjibu. Mwambie matofali nitaanza kufyatua kesho."

Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Nilisikia kibodi ikianza, kisha ikasimama.

"Nianze na salamu, mama, au nianze na matofali?"

"Anza na matofali."